Kitanda cha Shingo ya Gitaa

Niliisikia kabla ya kuiona: mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa chupani, ukitoka nyuma ya mlango wa bati katika mtaa wa Buyenzi. Kisha kitu kikagusa mbao, mlio ukawa ngurumo. Nilisimama barabarani na diploma yangu ya ufundi mkononi, nikaogopa kubisha.

"Ingia, dada," akasema Shefu, msimamizi wa karakana. "Haiumi. Inauma tu mutu anaiamini sana."

Ilikuwa mashine ya nambari. Kompyuta ilikiongoza kisu kinachozunguka: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mkurugenzi aliinunua kwa ajili ya makabati. Vita vilipokuja, nani tena alitaka kabati? Tukageukia magitaa, kuyaunda na kuyatibu, maana harusi hazikukoma.

Hesabu zote zilianzia kwenye kona moja ya ubao, tuliyoiita sifuri. Umeme ukikatika, mashine ilikumbuka kazi lakini ilisahau mahali kisu kilipo. Ndiyo maana Shefu alikuwa na sheria yake. Umeme ukirudi, aliyekuwa akiendesha asiguse kitufe. Mtu mwingine akiteremshe kisu, kikiwa kimesimama, hadi kwenye kona ile, na kati ya kisu na mbao apitishe karatasi ya sigara aivute. Ikishikwa, sifuri imepatikana.

Damasi alikuwa mpiga gitaa wa Kinama, mtaa wa pembezoni mwa jiji. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari waliona kitu kirefu ndani ya kitenge, wakadhani ni bunduki, wakakipiga kwa kitako. Gitaa likapasuka pale shingo inapokaa. Tuligundisha kipande cha libuyu, mbao ngumu ya Kongo, cha mwisho tulichokuwa nacho. Ikabaki kuchonga kitanda, yaani shimo ambamo shingo hulala na kukazwa kwa skrubu. Kingeenda upande kidogo tu, nyuzi zingetoka nje ya shingo, na mbao nyingine hatukuwa nayo.

Alasiri Damasi alipokuja kulichukua, bunduki zilikuwa zikilia vilimani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha, na kisu kilikuwa katikati ya kazi umeme ulipokatika. Ukarudi, lakini basi la mwisho la Kinama kabla ya amri ya kutotoka nje usiku lilikuwa limeshaanza kuita abiria.

"Bonyeza, dada!" akasema Damasi. "Kuvrefe ikinikuta mu njia, nitalala wapi? Na maiti?"

"Apana," akasema Shefu. "We Damasi, unataka gitaa ao unataka kuni?"

"Mi nataka kufika kwa watoto yangu, Mzee!"

"Basi enda. Gitaa itabaki."

"Na kesho kwa harusi nipige nini? Matako ya sufuria?"

Nilificha mikono nyuma isije ikabonyeza yenyewe. Shefu akateremsha kisu hadi kwenye kona, na kioo cha mashine kikasema kimegusa mbao. Shefu akavuta karatasi. Ikateleza. Mahali fulani kitu kikalipuka, bati likatetemeka juu yetu. Shefu hakuinua kichwa. Akashusha kisu unywele mmoja, akavuta. Ikateleza tena. Damasi alikuwa akitafuna kola ya shati lake.

"Imeshika," Shefu akasema mwishowe, na mimi nikabonyeza.

Shingo iliingia kwa mkono, bila nyundo. Nikakaza skrubu, nikafunga nyuzi. Damasi akagusa uzi mmoja, akacheka. Ndipo Shefu akachukua bisibisi, akaanza kulegeza kila kitu.

"Mungu wangu! Mzee, unaniua!"

"Kitu kirefu ndiyo inauaka. Utabeba vipande, wazi, askari waone ni mbao tu. Na kitanda ya namna hii, utafunga we mwenyewe, hata macho ikiwa imefungwa."

Nimestaafu sasa. Mashine za leo hujitafutia sifuri, na vijana hunicheka nikiulizia karatasi ya sigara. Sibishani nao. Damasi bado hupiga kwenye harusi, na shingo ile, baada ya kufunguliwa na kufungwa miaka yote ile, bado hulala palepale.

Lakini alasiri ile hatukuyajua hayo. Tulisikia tu honi ya basi upande wa msikitini. Damasi alitoka na vipande ndani ya kikapu begani, shingo ya gitaa ikichungulia juu yake. Shefu akaurudisha mlango wa bati nyuma yake, taratibu, kwa mikono miwili, ili usilie kama risasi.