Mtambo wa Taru Baada ya Kuwashwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli, rula ndefu na meza iliyoelekea ukutani. Karakana yetu ilikuwa Ukunda, na tulitengeneza mitambo ya kusafisha maji: matangi ya kuchujia kwa mchanga, pampu za klorini na, baadaye, mitambo ya kuondoa chumvi kwa hoteli za Diani. Mhandisi Mkuu, mtu wa bara aliyehamia pwani na familia yake, aliniuliza, "Bi Mwanasha, unaweza kuchora kutwa nzima bila kuchoka?" Nikasema naweza. "Basi utachoka na mengine," akajibu, akaenda zake.

Siku hizo kupanga mtambo mmoja kulichukua wiki nzima. Unapokea majibu ya maabara kuhusu maji ya kisima, unauliza mteja anataka maji kiasi gani kwa siku, kisha unakokotoa ukubwa wa tangi, upana wa bomba na nguvu ya pampu. Ukimaliza kuchora unaanza kutafuta bei. Unawapigia simu wauzaji wa vali na mabomba kule Mombasa, nao wanakuambia upige kesho. Mteja akibadili nia, unaanza upya.

Ndipo Mhandisi Mkuu aliporudi kutoka Nairobi na programu ya kompyuta. Unaiambia maji yana chumvi kiasi gani na unataka mtambo wa ukubwa gani. Yenyewe inachagua pampu, inahesabu tando, yaani zile ngozi nyembamba zinazopitisha maji na kuzuia chumvi, inachora mtambo mzima na kutoa bei. Nilidhani sasa nitakuwa narudi nyumbani mapema. Badala yake kotesheni, zile karatasi za bei kwa wateja, ziliongezeka, kwa kuwa kila mtu alitaka yake leo leo. Bei zilizomo ndani zilibadilika kila dola ilipopanda, na kuzibadilisha ilikuwa kazi yangu. Kila toleo jipya lilihamisha vitu vyote mahali pengine, nami nikaanza tena kujifunza. Macho yakaanza kuniuma, kisha mgongo.

Programu ilikuwa na sehemu ya gharama za uendeshaji: umeme, dawa, tando mpya zile za zamani zinapochakaa. Mhandisi Mkuu aliizima. "Mteja ameuliza bei ya mtambo," alisema. "Mpe bei ya mtambo."

Ikaja kazi ya Taru, kijiji cha nyika kavu. Kisima chao kilikuwa na maji mengi lakini ya chumvi, na mfadhili mmoja alikuwa tayari kuwanunulia mtambo mkubwa, wa kutosha watu na mifugo. Tulipanda huko kuchukua sampuli ya maji. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Mbodze, mfugaji wa mbuzi, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukalisha. Mhandisi Mkuu akaeleza uzuri wa mtambo.

"Na ukishawashwa utakuwa unakula nini?" Mama Mbodze akauliza.

"Umeme tu, mama, na vitu vidogo vidogo."

Akanigeukia mimi. "Nawe, mwanangu, wasemaje?"

Nilitazama chini. "Tutawaletea hesabu, mama."

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Kwale, Mhandisi Mkuu alinigeukia. "Umetuharibia," akasema.

"Sikuusema vibaya mtambo, bosi."

"Wala hukuusifu. Ndiyo maana."

Kesho yake niliiwasha ile sehemu iliyozimwa. Hesabu ilionyesha kwamba umeme peke yake ungewashinda wanakijiji kabla tando za kwanza hazijachakaa. Nikapanga mtambo mwingine mdogo, wa maji ya kunywa na kupikia tu, unaotumia umeme wa jua. Mbuzi wangeendelea kunywa maji ya kisima kama siku zote. Nikampelekea Mhandisi Mkuu michoro yote miwili pamoja na gharama zake.

Akaugusa mchoro wa pili kwa kidole. "Huu mdogo hauna faida kwetu."

"Na ule mkubwa ukisimama?"

"Utasimama ukiwa mtambo wao, si wetu." Kisha akavua miwani. "Ule tuliojenga Msambweni, unajua wanafuga nini mle ndani sasa? Kuku. Nilipita juzi nikawaona." Alinirudishia karatasi. "Peleka yote miwili. Waamue wenyewe."

Mama Mbodze alisimamia ule mdogo mpaka kamati ikaukubali. Haikuwa rahisi. Wenye mifugo mingi walisema amekataa zawadi kwa niaba yao, na uchaguzi uliofuata wakamwondoa uenyekiti. Mtambo ukajengwa, ukafanya kazi, na tando zilipochakaa waliweza kununua nyingine. Lakini kiangazi kikikaza ule mdogo hautoshi. Watu hupanga foleni tangu alfajiri, na wapo wanaopita mbele ya nyumba ya Mama Mbodze wakisema kwa sauti kwamba wangekuwa na ule mkubwa kama si yeye. Aliponiambia hayo sikulala vizuri. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na yeye ndiye aliyekuwa akiilipia.

Mhandisi Mkuu alistaafu akarudi kwao. Meneja aliyemfuata aliizima tena ile sehemu, akisema wateja hawaisomi. Niliiwasha kila nilipoweza, mara nyingine wakaitoa kabla kotesheni haijatoka, mara nyingine ikapita. Sikuwa na nguvu za kugombana kila wiki. Daktari wa macho alipotaka kunipa miwani minene zaidi, nikaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa nipo Bongwe, nina mihogo na kuku wachache. Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mnafanya kwa simu mambo yaliyonimalizia macho, na sioni uchungu. Ulizeni tu nani atakayebaki na mtambo nyinyi mkishaondoka, na mkae msikie jibu, hata gari likiwa linawangoja.

Juzi Mama Mbodze alinipigia. Nikamuuliza mtambo una nini.

"Hauna kitu. Unafanya kazi, na foleni ni ile ile. Nimekupigia wewe. Umepumzika?"

"Bado najaribu, mama."

"Hata mimi," akasema. Nikawa nasikia mbuzi wake kwenye simu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukata.