Namwonea Wivu Mwanamke wa Kwenye Picha ya Gazeti

Admin, nifichie jina. Mume wangu hasomi kurasa hizi lakini binti yetu anasoma, kwa hiyo majina ya wote nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Unguja, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeumaliza hapa Birmingham. Nyumbani nilikuwa mwalimu. Hapa nilishona mapazia kiwandani mpaka macho yakachoka. Nimeolewa na mwanamume mmoja tu maishani, na bado nampenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtakayoyasoma yanachekesha, na mimi sicheki.

Mume wangu, nitamwita Baba Salma, alikuwa dereva wa mabasi. Tangu astaafu anakusanya picha za zamani za magazeti ya Marekani, za majambazi wa enzi zile serikali ya huko ilipopiga marufuku pombe, nao wakatajirika kwa kuiuza kwa magendo. Ni picha halisi zilizopita mikononi mwa wahariri. Nyuma zina mihuri ya gazeti na kipande cha karatasi kinachoeleza nani ni nani. Mtu ambaye hajaonja tone la pombe anaweza kukwambia jambazi gani alimpiga risasi mwenzake kwa ajili ya mapipa ya nani. Anayo pia kofia ya mmoja wao, au ndivyo alivyoambiwa na muuzaji, na chupa tupu niliyoikatalia kuvuka mlango wangu. Inakaa bandani pamoja na mashine ya kukatia majani.

Na majambazi sikuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza alipoingia mwanamke.

Alimnunua kwenye soko la vitu vya kale, Digbeth. Mke wa jambazi, anashuka ngazi za mahakama, koti la manyoya mabegani, kofia imeinamia jicho moja. Maelezo ya nyuma yanasema alihudhuria kesi ya mumewe kila siku. Baba Salma alinisomea kwa sauti, kisha akasema, "Unaona uaminifu huo?" Ananiambia mimi, niliyesimama naye kwenye foleni za uhamiaji, baridi inapenya viatu, mtoto mgongoni! Hakuna mpiga picha aliyeningoja mimi ngazini.

Humshika kwa glavu nyeupe za pamba. Humfunika kwa karatasi maalumu ili asichubuke. Picha yetu ya harusi iko kwenye bahasha, droo ya jikoni, pamoja na betri zilizokwisha.

Siku moja nilimtazama yule mwanamke kwa kioo cha kukuzia. "Baba Salma, nyusi hizi zimepakwa rangi. Na mdomo. Fundi wa gazeti amemchora."

"Ndivyo walivyofanya zamani, ili picha itoke vizuri."

"Basi unapenda rangi."

"Na wanja wako ulionipumbaza nao ujana wetu, ulikuwa nini?"

Ningecheka naye. Lakini wanja napaka mpaka leo, na yeye hajui.

Nilimpigia binti yetu aliyeko Northfield. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mwanamke huyo alishakufa zamani. Kana kwamba hilo linasaidia. Aliyekufa hazeeki, haumwi magoti, haulizi kwa nini umechelewa kurudi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mume wangu ana rafiki mmoja wa kweli, Mzee Farah, Msomali aliyekulia Nairobi, anakaa Kings Heath na yeye pia anakusanya picha hizo. Kila Jumamosi huja kunywa chai na kulinganisha. Alipomwona yule mwanamke alisema, "Hii, wallahi, siku moja nitakuibia."

Ijumaa moja, mume wangu akiwa msikitini, nilimtoa yule mwanamke kwenye jalada anamohifadhi mume wangu picha zake, nikamlaza ndani ya sanduku langu la kanga. Nilitaka Baba Salma aniulize. Basi. Aniulize, nami nimwambie yote.

Kesho yake Mzee Farah akaja, akanywa chai, akaondoka na mkoba wake. Jioni mume wangu akafungua jalada. Alipiga simu mbele yangu, sauti juu kwa sababu masikio yake si mazuri.

"Farah, nirudishie."

"Nikurudishie nini, mzee?"

"Ulisema utaiba."

"Si nilikuwa nakutania! Ati mimi mwizi? Miaka yote hii nakula kwako, leo nimekuwa mwizi?"

Mume wangu akakata simu.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema, kwa sababu nilikuwa bado nangoja anigeukie. Alipekua rafu, akapekua chini ya viti, akasogeza hata friji. Nyumba hii tunaishi wawili. Hakuniuliza. Hakunishuku hata kidogo. Farah alionekana mwizi kwa sababu Farah huitazama picha ile. Mimi, kwa mawazo yake, picha ile hainihusu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumia kwa kutoshukiwa.

Tangu hapo Jumamosi zinapita bila mgeni. Vitumbua napika vile vile, vinabaki. Jana mke wa Farah alinipigia. "Dada, mzee wangu halali. Anasema Ijumaa baada ya sala atashika msahafu mbele ya imamu, aape hakuchukua." Mtu mzima mwenye wajukuu, aape mbele ya watu kwa ajili ya mke wa jambazi aliyelala kwenye kanga zangu!

Haitafika huko. Picha itatoka kabla ya Ijumaa, hilo nimeshaamua. Ninachoshindwa ni namna. Nikiichomeka nyuma ya rafu aione mwenyewe, atamwomba rafiki yake radhi, watakunywa chai, na mimi nitaendelea kuwa mtu anayepitisha sinia. Nikimwambia ni mimi, itabidi nimwambie na kwa nini. Hasira yake siiogopi, nimeishi nayo. Naogopa atacheka, aseme, "Mama Salma, kwa umri huu?" Nikishaisikia hiyo, sijui nitakaa naye vipi meza moja.

Nyinyi mliozeeka na waume zenu, na nyinyi wanaume pia mnijibu: niirudishe kimya kimya, au niseme? Nishaurini, Ijumaa haiko mbali.