Mlezi wa Mwanafunzi

Karani wa chuo aliisukuma fomu yangu nje ya dirisha kwa kidole kimoja.

"Mzee, hapa pa mlezi umeacha wazi."

Nikamwambia mwanafunzi ni mimi mwenyewe, nina miaka arobaini na tisa, na wazazi wangu walishatangulia mbele za haki.

"Pole. Basi anayekulipia ada. Ajaze, atie sahihi, ulete kesho kabla ya saa sita. Baada ya hapo usajili umefungwa."

Wasichana wawili waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni waliangua kicheko, kisha wakajidai wanakohoa. Niliikunja fomu nikatoka mbiombio kama mwizi.

Mimi ni fundi umeme wa hospitali. Kwa miaka ishirini na mbili nimeshika nyaya za jengo lile. Najua swichi ipi inataka kubembelezwa na ipi inataka kofi. Cheti sina, kazi niliijulia mikononi. Madaktari wakiniita "injinia" nilikuwa navimba kichwa, sikatai. Halafu ukaja waraka: fundi asiye na diploma aonyeshe kwamba amesajiliwa chuoni mwezi huu, la sivyo atarudishwa kuwa msaidizi. Msaidizi wa nani? Wa yule niliyemfundisha mimi kushika bisibisi. Heri nife kuliko kumbebea ngazi.

Ila ada sikuwa nayo. Mshahara wangu unakatwa mkopo wa nyumba, kinachobaki kinaishia jikoni. Nikampigia mwanangu wa kiume, niliyemsomesha mpaka akavaa joho. Simu iliita mpaka ikachoka yenyewe. Mke wangu aliniangalia, kesho yake akaniletea risiti ya chuo. Aliyelipa, ilisema, ni binti yetu mkubwa, msusi.

Kwa hiyo ile nafasi ya mlezi sikuisahau. Niliiacha wazi makusudi, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Binti yetu alipomaliza kidato cha nne aliomba chuo. Barua zetu zilikuja kwa sanduku la posta la hospitali, hivyo kila jioni nikirudi alikuwa ananipokea mkoba na kuuliza, "Baba, barua?" hata kabla ya salamu. Siku barua ilipofika, niliifungua mwenyewe kwenye chumba cha jenereta. Niliichana, nikazitupa karatasi kwenye debe la vitambaa vya mafuta. Nyumbani nikamwambia hawakumchagua.

Pesa niliyokuwa nayo ilitosha mtoto mmoja, na moyoni nilikuwa nimeshampa mdogo wake. Ningeweza kumwambia hivyo hivyo, baba mtu mzima, akanikasirikia yakaisha. Sikuwa na ubavu. Nikaona ni nafuu aamini kwamba hakufaulu. Alilia siku mbili, ya tatu akaenda kujifunza kusuka. Na nani aliyembembeleza? Mimi. Nilimwambia asijali, si kila mtu ana kichwa cha shule. Nikiyakumbuka maneno hayo hutamani ardhi ipasuke inimeze.

Saluni yake ina viti viwili na kioo kirefu. Nilipotoka chuoni nilimkuta katikati ya kichwa cha mteja, nusu imesukwa, nusu imesimama.

"Mwanafunzi wangu huyo!" akasema. "Umeshafukuzwa darasani?"

Mteja akacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kujilazimisha. Nikamweleza shida ya karani. Akajifuta mafuta ya nywele mikononi, akaiweka fomu mezani kati ya vitana na vibanio, akachukua kalamu.

"Jina la mlezi, haya. Uhusiano na mwanafunzi." Akanitazama kwa jicho la utani. "Niandike mama mzazi?"

"Andika binti."

"Anuani, haya. Kiwango cha elimu cha mlezi." Hapo kalamu ikasimama. Akasogea karibu, akashusha sauti ili mteja asisikie. "Baba, nikiandika kidato cha nne si watakucheka? Naweza kuandika chuo. Nani atajua? Sitaki nikuaibishe."

Nilihisi uso unawaka. Huyu ndiye aliyekuwa akihofia kuniaibisha mimi.

"Ulichaguliwa," nikasema.

"Nini?"

"Mwaka ule ulioomba chuo. Barua ilikuja. Nikaichana."

Mteja aliyekuwa akijitazama kwenye kioo akainamisha macho kwenye simu yake. Binti yangu hakuinua kichwa. Aliendelea kuitazama fomu, na mimi nikasubiri anipigie kelele. Nilitaka anipigie kelele. Nilitaka anirarulie fomu ile usoni, anifukuze mbele ya watu, walau nijue nimelipa kidogo.

"Kozi gani?" akauliza.

"Mwanangu..."

"Niliomba tatu, baba. Walinipa ipi?"

Barua ile niliisoma mpaka nilipofika kwenye kiasi cha ada, nikaishia hapo.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuangalia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaandika kidato cha nne kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akanipa fomu bila kunitazama. Kisha akarudi kwa mteja wake, akashika chanuo, akamuuliza walikuwa wameishia wapi. Nilibaki mlangoni na fomu yangu, sijui kama natakiwa kusema asante.