Anwani Fupi za Kiini cha Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini Dar es Salaam, miaka ya Ujamaa, Mkuu wa Chumba cha Kompyuta alinionyesha kabati kubwa kama ghala la kahawa, akasema kumbukumbu yake yote haitoshi kumbukumbu za mkutano mmoja wa kijiji. “Bwana Mmatengo, hapa nafasi hatugawi. Tunabania.”

Nikabania kuliko alivyotarajia. Kompaila, programu inayogeuza maandishi yetu kuwa namba za mashine, ilikuwa na namna kadhaa za kutaja mahali kitu kilipo. Anwani ndefu ilifika popote, ila ilikula vyumba viwili vya kumbukumbu. Fupi ilikula kimoja, ikahesabu kutoka sifuri, ikafikia vyumba vya mwanzo tu. Kiini cha mfumo, ile programu inayoamsha mashine na kuzigawia programu nyingine kazi, kilikaa huko mwanzoni. Nikaiamuru kompaila itumie fupi kote.

Kisha kikaja kifaa kipya cha kusomea kadi, kikadai vyumba vya mwanzo. Kiini kikahamishiwa juu, mashine ikagoma: anwani zangu zote zilibisha hodi kwa mpangaji mpya. Ndefu nazo, nilihesabu mara mbili, hazikuenea kwenye kumbukumbu.

“Isipowaka mwisho wa mwezi,” Mkuu akasema, “wewe utarudi kufundisha hesabu Kingerikiti, na mimi nitaulizwa nilimwamini nani.”

Nikaomba likizo ya wiki mbili nikafikirie. Akatoa siku tatu. Tukaelewana kumi.

Nyumbani Litembo nilimkuta mama kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba mlimani kuzuia maji. Akanituma jembe alilolisahau kwenye shimo mojawapo. Nikauliza ni shimo la ngapi kutoka njiani. Akacheka.

“Njia inahama kila msimu, baba. Hesabu kutoka uliposimama: matatu chini, moja kulia.”

Kompaila ilikuwa na namna hiyo pia: kuhesabu kutoka pale agizo lenyewe lilipo. Ilikula chumba kimoja, na kiini kikihama, majirani wanahama pamoja. Tuliidharau kwa sababu mashine ilipaswa kujumlisha kwanza, ikachelewa kidogo.

Nikateremka Mbinga kumpigia Mkuu simu ya maandishi. Karani wa posta alihesabu maneno ya kulipiwa, nami nikayahesabu tena: HESABU KUTOKA AGIZO LILIPO SI KUTOKA SIFURI. Saba.

Kesho yake, siku ya sita ya likizo, jibu likaja: IMEWAKA. LIKIZO IMEKWISHA.

Vijana wakiniuliza sasa anwani ipi bora, nawaambia waulize kwanza kama kitu kitahama. Mimi nilihamishwa vituo vinne kabla ya kustaafu, vitatu nikiwa na Mkuu yuleyule. Zile siku nne za likizo zilizobaki sikumdai. Ni deni pekee maishani nililolisamehe bila kupatana bei.