Siku Tuliyowapaka Ng'ombe Mate

Zizini asubuhi ile tulikuwa watano. Baba yangu, Shija. Dada yangu Minza, wa baba mmoja mama mmoja. Bibi Nyamizi, mama yake baba, aliyetulea baada ya mama kufariki kwa uzazi. Jirani yetu Mzee Limbu. Na mimi. Lakini mgongoni kwa bibi alikuwepo Masanja, yule mdogo wetu aliyeachwa na mama, basi sema sita.

Nimewakumbuka kwa sababu mnada wa huku kwetu umefungwa, ng'ombe wanaumwa midomo na kwato. Mjukuu wangu Pendo, mwalimu wa sayansi huko Bugarama, yuko nyumbani likizo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikamuuliza: hicho kirusi wanachokisema kinaingiaje mwilini, kina meno?

"Hakina meno wala tumbo, bibi. Hata kuzaana peke yake hakiwezi. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kirusi kinaishika seli ya mdomoni, nayo inakipokea kama kitu chake. Kikishaingia kinavua koti, kinatoa maagizo, na seli inaacha kazi zake zote, inatengeneza virusi tu mpaka inakufa. Vinavyotoka vinaingia kwa seli jirani."

"Kama shemeji yako aliyekuja kwa siku mbili!"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akasema, "Na kinasafiri na mate. Hata mikononi mwa mtu."

Tangu hapo sijatulia. Nafagia palipofagiliwa, chai inapoa nikiitazama.

Wewe uliyekulia karibu na ng'ombe unajua tulivyokuwa tukifanya. Ugonjwa ukiingia, hatukungoja. Tulikinga mate ya aliyeumwa, tukawapaka wote midomoni kwa kitambaa, waugue pamoja na wapone pamoja kabla ya kulima. Baba alisitasita. Mzee Limbu, aliyekwisha kuwapaka wa kwake, akamcheka: "Shija, ngoja waugue mmoja mmoja, halafu ulime kwa meno!"

Lakini kwa Limbu ndama walikufa. Na ndama wa ng'ombe wetu Madoa ndiye aliyekuwa uhai wa Masanja, maana ng'ombe wetu wa kienyeji hamwachii mtu maziwa mpaka ndama anyonye kwanza. Bibi akasema huyo asiguswe. Tukamfungia jikoni kwake, penye harufu ya moshi na michembe ya viazi vikavu, nikaambiwa mimi ndiye mlinzi wake.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kushika kata ya mate. Yalivutika kama utelezi wa bamia, yakanimwagikia mpaka kwenye viwiko. Ng'ombe walikuwa wakitafuna hewa, midomo inalia chwa, chwa. Ndama naye akaanza kulia jikoni. Baba akafoka, "Kamnyamazishe huyo!" Nikaweka kata chini, nikakimbia. Nikamtia vidole viwili mdomoni, kama siku zote. Akanyonya. Ulimi wake ulikuwa wa moto, unakwaruza, nikacheka.

Siku ya nne alianguka, hakuamka. Bibi akaijaza ngozi yake nyasi, akamwekea Madoa mbele. Madoa aliilamba siku mbili, ya tatu akapiga kibuyu teke. Masanja akapewa uji wa mtama. Mtoto wa miezi minne, uji utamfaa nini? Masika hayakumkuta.

Baba alisema ni Mungu. Limbu alisema ni upepo, umepita hata kwenye mlango uliofungwa. Mimi nimeishi na upepo huo maisha yangu yote, nikiulaumu.

Baba, bibi na Limbu wote wamekwisha kutangulia. Pale palipokuwa na zizi leo wachimba dhahabu wametoboa mashimo, ukisimama huwezi kuonyesha mlango ulikuwa wapi. Hakuna wa kumuuliza ila Minza, aliyeolewa Nkome.

Dada, ukisomewa haya, nirekebishe. Mimi naona nilitoka zizini moja kwa moja hadi jikoni. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mtungi wa maji. Kama nimesahau, kama nilisimama hapo nikanawa, niambie.