Swali la Kageha Getini

Mimi niliishia darasa la saba, lakini mambo ya saratani nitakueleza kuliko huyo mtoto wako wa yunivasiti. Nilielezwa na daktari uso kwa uso, mimi na shemeji yangu Kageha, mjane wa ndugu yangu.

Kageha alikuwa keretaka, mwangalizi wa nyumba za kupanga, katika ploti moja Kawangware. Funguo za nyumba zote zilining'inia kiunoni mwake. Ulimsikia kabla hujamwona, kama ng'ombe mwenye kengele. Hakuna mpangaji aliyepitisha godoro getini bila kuulizwa, "Unahamia wapi?" Hata mimi nilipotoka pale kwenda kijiji cha Raila, Kibera, aliniuliza, kisha akanibebea jiko.

Alikuwa ametibiwa saratani ya titi, tukasema amepona. Halafu akaanza kukonda, akapimwa tena. Siku ya majibu alinijia Raila mbio, leso ikimvuka.

"Shemeji, toa soda! Daktari amesema ugonjwa umehama kutoka kwa titi!"

"Umehama?"

"Umehama kabisa! Jumatatu nirudi na mtu wa familia tuelezwe vizuri. Na uvae viatu vyenye soli. Fundi viatu mzima, vidole vinachungulia!"

Kwa keretaka, nyumba ikihamwa ni tupu. Unafagia, unafunga kufuli, basi. Nami na huu mdomo wangu usio na breki nikamchokoza, "Na wewe keretaka gani? Uliuuliza unahamia wapi?"

Alicheka. Kicheko kikamwishia njiani. Akaweka chupa chini, akajishika ubavu wa kulia, pale palipokuwa pakimuuma.

Jumatatu Daktari Nalianya akatuambia: ini.

"Lakini ulifikaje huko?" Kageha akauliza.

Daktari akatazama zile funguo kiunoni. "Mama, kila chembe ya mwili ni kama ploti. Maagizo yote yako ndani, lakini vyumba vingi vimefungwa. Kuna protini ambazo kazi yake ni kufunga na kufungua. Chumba chenye maagizo ya kusafiri hufunguliwa mtoto akiundwa tumboni, kisha kinafungwa. Katika saratani yako kimefunguliwa tena, na vile vya kuizuia vimefungwa."

"Kwa hivyo keretaka wangu ni mlevi," akasema Kageha.

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Hakuna dawa ya kurudisha kufuli?" nikauliza. Swali la msomi hilo, usipinge.

"Zipo, za saratani chache. Kwa aina hii bado zinajaribiwa. Tutakupa dawa za kuipunguzia mbio. Lakini kufuli zikivurugika hivi, wengi huenda haraka."

"Haraka ya miaka?"

"Ya miezi, mama."

Dawa alizinywa. Hazikushika. Siku moja akaniita Kawangware, nikakuta kitanda kimefunguliwa na masufuria yamefungwa kwa shuka. Alikuwa amemkabidhi Muiruri, mwenye ploti, funguo. Alipotembea hakutoa sauti yoyote.

Nikabeba godoro. Tulipofika getini alisimama, akashika chuma, akaningoja. Nikajua anangoja nini.

"Unahamia wapi?" nikamuuliza.

"Vihiga," akasema. "Kwa mama. Yeye bado ana nguvu za kunigeuza kitandani. Sasa pita, Shemeji, unaziba njia."