Kengele Iliyozibwa Majani

Okito hakuwa mtu wa kujulikana. Jina lake liliandikwa mahali pamoja tu, katika daftari la wafanyakazi wa reli pale Kindu, na hata huko karani alilikosea. Alitoka upande wa Kibombo, kwa Wakusu, akiwa kijana, akaja kupanga mataruma, akaoa, akazika mke, akabaki na binti mmoja, Emerance, na mbwa. Watu wa kambi walimwona kila asubuhi akipita na nyundo begani, hawakuona zaidi ya hapo. Lakini Jumapili alikuwa mtu mwingine. Jumapili alikuwa mwindaji, mwana wa mwindaji, na mbwa wake alikuwa hodari kuliko mbwa wote waliovushwa mto kwenda misitu ya Alunguli.

Mbwa mwenyewe alikuwa jike, mdogo, mwekundu kama udongo wa barabara, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Ni wale mbwa wetu wa zamani, wasiobweka. Kwa kuwa habweki, mbwa wa namna hiyo huvalishwa kengele ya mti shingoni, mwindaji ajue alipo ndani ya vichaka. Kengele yake ilichongwa na baba yake Okito na ilikuwa imekwisha kuvaliwa na mbwa wanne kabla yake. Jina la mbwa huyo lilikuwa Watachoka. Okito alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliomsema kwamba hana mtoto wa kiume na hataki kuoa tena. Enzi zile mtu hakupoteza pumzi kugombana na majirani. Alimpa mbwa jina, akamwita kwa sauti jioni, na mwenye masikio akasikia.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Hamadi, mshona kofia, mwungwana, yaani Mwislamu wa mjini, wa kizazi cha tatu, ambaye hajawahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti chake. Wawili hao walitaniana tangu asubuhi mpaka jua lizame.

“Wewe Mukusu, ile bibi yako ya mukia imekula?” Hamadi alikuwa akiuliza.

“Imekula, Mungwana. Imekuachia mufupa. Kuja uchukue.”

“Astaghafirullah! Mufupa weka kwa kichwa yako.”

Siku hizi kila mtu ana mbwa na hakuna mwenye mbwa. Wanazagaa sokoni, wanakanyagwa na magari, na ukiuliza huyu ni wa nani, kila mmoja anatazama pembeni. Zamani mbwa alikuwa na adabu kwa sababu mwenyewe alikuwa na adabu kwanza. Ukitoka msituni, kabla hujaona paa la nyumba, ulisimama ukaziba kengele kwa majani mabichi ili isilie, ukamfunga mbwa kamba. Kengele iliyozibwa ilisema kwamba mmekuja kwa amani. Mkikutana na mbwa wa mwenyeji, wewe mpita njia ulifupisha kamba ukasimama kimya, na mwenyeji akamwita mbwa wake. Aliyefungua kamba kwenye uwanja wa mwenzake alikuwa ametangaza vita, na hakuna aliyemsikiliza tena baada ya hapo.

Na kama meno yameshauma na kuua, palikuwa na neno lake. Mwenye mbwa ndiye mwenye meno. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, kabla jua halijazama mara mbili, akiwa na kuku mkononi. Aliketi kwenye kigoda cha chini, akasema, “Meno yalikuwa yangu.” Mfiwa akajibu, “Yametoka.” Kuku akachinjwa, wakala pamoja. Ndipo kengele ya mbwa aliyekufa ilizibuliwa na kuvalishwa mtoto wake, na siku hiyo hiyo mtoto akapewa jina. Kabla ya hapo hakuwa mwindaji wala hakuwa na jina. Aliitwa “wewe” tu. Neno hilo halikuombwa. Neno la kuombwa ni maganda, punje zimekwisha.

Njia ya kutoka gati la mitumbwi kwenda kambini ilikatiza barabara ya Wazungu, ile iliyopandwa miembe kando ya mto. Saa kumi na moja jioni alitembea pale Mzungu mmoja wa duka kubwa, mnene, mwenye uso mwekundu, na mbwa wake mkubwa mweusi. Watu walimwita Bwana Miluzi, kwa maana alipiga miluzi tangu mwanzo wa barabara mpaka mwisho, na mbwa hakugeuka hata mara moja. Kamba ya mbwa, ya ngozi nzuri, aliivaa shingoni mwake yeye mwenyewe.

“Muzungu njo amefungwa,” wanawake walicheka, yaani yeye ndiye aliyefungwa, “mbwa njo anamutembeza.”

Lakini walicheka wakiwa wamekwisha kufika nyumbani. Kule barabarani hawakucheka. Mbwa yule aliwarukia wenye ndoo za maji, akawamwagisha. Aliwakimbiza wenye mizigo ya mihogo mpaka mtaroni. Siku moja alimwekea Hamadi miguu miwili ya matope kifuani, akamlamba kanzu, Hamadi akiwa njiani kwenda msikitini. Bwana Miluzi alipunga mkono kutoka mbali. “Hapana ogopa! Ile nacheza tu! Ile iko mupole!” Hamadi alirudi mtoni, akafua kanzu mara saba, ya kwanza kwa udongo, na alipomaliza, sala ya magharibi ilikuwa imempita. Okito alimcheka wiki nzima.

Hakujua kwamba kicheko kile kina zamu.

Ilikuwa Jumapili, mwaka wa hamsini na tatu, mwanzo wa mvua. Okito aliteremka kwenye mtumbwi wa Mgenya, mmoja wa wavuvi wanaovusha watu, na paa begani. Watachoka alikuwa amemfukuza paa yule tangu asubuhi, amechoka. Kengele ilikuwa imezibwa majani, kamba imefungwa. Walipofika katikati ya barabara, mbwa mweusi akatokea nyuma ya miembe.

Okito alifupisha kamba, akasimama. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na baba yake alifundishwa hivyo hivyo. Pale palikuwa uwanja wa watu, na yeye mpita njia. Alimtazama mwenyeji, akangoja amwite mbwa wake.

“Hapana ogopa!” alisema Bwana Miluzi. “Nataka kucheza!”

Akapiga mluzi. Mbwa hakugeuka.

Watachoka alivuta kamba. Alivuta kwa nguvu zake zote kuelekea mtoni, kwa maana alikuwa mwepesi, na kama angeachiwa, mbwa yule mzito asingeona hata vumbi lake. Okito aliishika kamba. Alimngoja mwenyeji aite. Watachoka akageuka, akamtazama bwana wake mara moja, na wakati huohuo meno yakamshika shingoni, juu kidogo ya kengele.

Hakubweka. Wale mbwa hawabweki. Kengele nayo haikulia, ilikuwa imezibwa.

Okito alitupa paa, akapiga ngumi, akapiga teke, na alipofanikiwa kumwondoa yule mkubwa, kamba ilikuwa bado imezunguka kiganja chake. Bwana Miluzi alifika akihema. Alimkagua mbwa wake masikio na miguu, akaona hana jeraha, akashusha pumzi.

“Ile yako nafanya ile yangu kasirika,” alisema. Akapiga mluzi, akaendelea na matembezi yake.

Okito alimzika Watachoka nyuma ya jiko, amefungwa kwa kitambaa cha marehemu mkewe. Mtoto wa Watachoka, dume la miezi minane, mwekundu kama mama yake, alikaa pembeni ya shimo. Alikuwa tayari kwa msitu. Okito aliitundika kengele juu ya mlango, majani yakiwa ndani, akamwambia binti yake, “Mama, fagia uwanja. Leta kigoda.”

“Nani anakuja, baba?”

“Mwenye meno.”

Emerance alikuwa na miaka kumi na minne na alikwisha kusoma kwa masista. Alijua mengi ambayo baba yake hakuyajua, na hakuwa na moyo wa kuyasema. Akafagia.

Jua la kwanza lilizama. Siku ya pili, baada ya kazi, Okito hakunawa hata mikono. Alikaa mlangoni akitazama njia, kigoda kitupu mbele yake. Hamadi alitoka kwake akaja. Alisimama kwenye kizingiti, akavua viatu kama mtu aingiaye kwenye nyumba ya msiba, akaketi chini kwenye mkeka.

“Mungwana,” Okito alisema, “hapa palikuwa nyumba ya mbwa.”

“Ninajua. Mimi mbwa siigusi. Lakini msiba njo msiba.”

Wakakaa. Jua lilishuka nyuma ya karakana ya reli. Watu walipita, hakuna aliyekata kona.

“Pengine haijui nyumba,” Okito alisema.

“Pengine.”

“Nilimushika, Hamadi. Ile kamba nilishika mimi. Alitaka kukimbia.”

Jua la pili likazama, na Hamadi akakaa naye mpaka giza likaingia.

Kuanzia hapo Okito alimtafutia Mzungu visingizio kama mama anayemtetea mtoto mwizi. Pengine jua la kwao linahesabiwa kwa wiki. Pengine anatafuta kuku mzuri. Mara nyingi, akitoka kazini, alipita barabara ya miembe saa kumi na moja na kusimama pale pale, aonekane. Bwana Miluzi alipita, kamba shingoni, mbwa mbele, akanyanyua mkono. “Jambo!” Na Okito akajibu, “Jambo, Bwana.”

“Mwambie basi!” Hamadi alimgombeza. “Mudomo uko nayo ya nini?”

“Neno ile haliombwi.”

“Wewe Mukusu, utakufa na desturi zako, na hakuna mutu atakuzika nazo.”

Okito hakwenda tena msituni. Mwaka ukapita, ikapita miwili, ikapita mitano. Emerance aliolewa Kalima, akazaa, akawa anakuja kwa sikukuu. Yule mbwa kijana mwekundu, ambaye damu yake ilikuwa ya mbwa watano wa kengele, alikua bila kazi. Alikaa mlangoni chini ya kengele, akiinua pua kila upepo ulipotoka ng'ambo ya mto. Jumapili asubuhi alisimama kwenye njia ya gati, akangoja, halafu akarudi. Mwaka wa sita mdomo wake ulianza kuota mvi. “Wewe, kula,” Okito alimwambia. “Wewe, ondoka mvuani.”

Mwaka wa hamsini na tisa habari zilienea kwamba Bwana Miluzi anarudi kwao. Emerance alikuwa Kindu siku hizo na mtoto mgongoni. Usiku kucha Okito hakulala. Asubuhi alitoa shati la misa, akashusha kengele juu ya mlango.

“Baba, unaenda kuomba?” Emerance aliuliza, maana alijua.

“Mbwa amezeeka,” alisema. “Akifa bila jina, nitamwambia nini mama yake?”

Kwenye stesheni Bwana Miluzi alikuwa amesimama kando ya mizigo yake. Alikuwa amekonda. Sanduku moja lilikuwa bovu, halifungi, akalizungushia ile kamba ya ngozi. Hatimaye kamba ile ilikuwa imepata kitu cha kufunga.

Okito alivua kofia. Kengele ilikuwa ndani yake.

“Bwana. Nimekuja sababu ya mbwa.”

“Mbwa gani?”

Alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini hilo hakulitazamia. “Ile mbwa… pale barabarani. Wewe ulikuwa unatembea na yako…”

Uso wa Mzungu ukabadilika. Midomo ikaanza kumcheza.

“Wewe nakumbuka Médor?” alisema. “Ile nakufa. Mwezi ya pili. Napeleka kwa daktari, hapana pona.” Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. “Ile ilikuwa mupole sana. Hapana uma hata mutu moja. Hata moja!”

Machozi yalikuwa ya kweli. Okito aliyaona. Mbele yake alisimama mtu aliyefiwa na mbwa, na mdomo wa Okito ulikuwa umefundishwa na baba yake kabla yeye mwenyewe hajajua kusema. Mdomo haukumngoja.

“Pole, Bwana,” alisema.

“Aksanti.” Mzungu alimshika mkono, akaubana. “Wewe mutu muzuri. Wewe peke yako nakuja.”

Filimbi ikalia, akapanda.

Okito alirudi kwa miguu, polepole, kofia mkononi. Hamadi, aliyekuwa akishona mlangoni kwake, alimwona, akainamisha kichwa juu ya sindano, asiulize. Emerance ndiye aliyeuliza.

“Baba, amesema?”

“Hapana,” Okito alijibu. “Mimi njo nimesema.”

Akachukua jembe, akaenda nyuma ya jiko. Alichimba pale alipomzika Watachoka, si kwa kina, akaiweka kengele chini jinsi ilivyokuwa. Majani yaliyokuwa ndani yake tangu siku ile yalikuwa yamekuwa vumbi, yakamwagika kwenye vidole vyake. Mbwa mwekundu alikuja akanusa udongo, akalala juu yake, kidevu kati ya miguu.

Mvua ilianza kudondoka. Okito alisimama mlangoni mwa jiko akataka kumwita aingie ndani. Akafungua mdomo, akabaki hivyo, kwa sababu hakuwa na jina la kumwita ila “wewe.”